Kabla ya harambee, pima ndugu: nani atoe uloto, na kila chaguo linagharimu nini

Familia yenye mtoto wa selimundu ikishasikia kwamba upandikizaji wa uloto unaweza kumponya, swali la kwanza huwa ni hospitali. Ipi ni nafuu, Dodoma au India? Wanalipisha kiasi gani? Kundi la WhatsApp linafunguliwa, kadi za mchango zinachapishwa, na ankara ya makadirio inasambazwa kwa ndugu na marafiki kabla hata damu ya mtu mmoja wa familia haijapimwa.

Mpangilio huo umekaa kinyume. Kinachosukuma gharama juu au chini zaidi kuliko jina la hospitali ni mtu atakayetoa uloto: analingana na mgonjwa kwa kiasi gani, ana umri gani, ana uzito gani, ni mwanamke au mwanamume, na anaishi wapi. Sifa hizo ndizo zinazoamua dawa zitakazotumika, siku za kukaa wodini, hatari ya kurudi tena wodini, na wakati mwingine kama kuna haja ya kupanda ndege au la. Mwenye ankara bila mchangiaji ana karatasi tu.

Jambo hili linagusa nyumba nyingi. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, ikianza na wagonjwa wa saratani ya damu waliorudishiwa seli zao wenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza watoto wenye selimundu mwaka 2023. Chaguo la kutibiwa nyumbani lipo, na hapo ndipo suala la mchangiaji linapopata uzito mpya: mtoto mwenye ndugu anayefaa ana njia fupi kuliko asiye naye.

Kinacholinganishwa ni nini

Wengi hudhani kundi la damu ndilo linaloamua. Siyo. Mtu wa kundi O anaweza kupokea uloto wa mtu wa kundi A, na baada ya miezi kadhaa kundi lake la damu likabadilika kuwa la aliyempa. Tofauti ya kundi huongeza kazi ya maabara na kuongezewa damu, lakini haifungi mlango.

Kinachoamua ni alama za HLA, zinazokaa juu ya seli na kuwezesha kinga ya mwili kutofautisha kilicho chake na kigeni. Mtoto hurithi fungu moja la alama hizo kwa baba na jingine kwa mama. Kwa hiyo mzazi, isipokuwa mara chache, hulingana na mwanawe nusu tu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana kikamilifu, asilimia 50 ya kulingana nusu, na asilimia 25 ya kutolingana kabisa.

Alama zisipolingana, mambo mawili yanaweza kutokea. Mwili wa mgonjwa unaweza kuukataa uloto mgeni. Au seli za kinga zilizokuja na uloto zinaweza kuushambulia mwili uliozipokea: ngozi, ini, utumbo, mapafu. Shambulio hilo likiwa sugu huweza kudumu miaka, na kila mwezi wake una dawa, vipimo na nauli.

Chaguo la kwanza: ndugu wa tumbo moja aliyelingana

Hili ndilo chaguo bora kwa matokeo, na ndilo nafuu kwa mfuko. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2017, iliyofuatilia wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopewa uloto na ndugu waliolingana nao, iliwakuta asilimia 93 wako hai baada ya miaka mitano. Kwa waliopandikizwa wakiwa chini ya miaka 16, kiwango kilikuwa asilimia 95. Kwa waliokuwa na miaka 16 au zaidi, asilimia 81. Kuchelewa nako kuna bei yake.

Idadi ya watoto nyumbani ina maana kubwa. Mgonjwa mwenye ndugu mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kupata anayelingana. Akiwa na ndugu wawili, nafasi inapanda hadi 44, watatu, 58, wanne, 68, watano, 76. Lakini kwa selimundu kuna chujio la pili: ndugu naye asiwe mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa vinasaba vya selimundu, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Ukiunganisha masharti yote mawili, ndugu mmoja ana nafasi ya asilimia 19 tu ya kufaa, na ndugu watano kwa pamoja wana nafasi ya asilimia 65. Ndugu ambaye ni mbebaji tu, asiye mgonjwa, anaruhusiwa kuchangia uloto.

Watoto wa baba mmoja na mama tofauti hawana nafasi hiyo. Kwa kawaida wanaweza kulingana nusu tu, maana fungu la mama ni jingine. Kwa upande mwingine, katika koo ambako binamu huoana, jambo la kawaida pwani, Unguja na Oman, baba na mama wanaweza kuwa wamerithi fungu lilelile kutoka kwa babu mmoja. Hapo hata mzazi, shangazi au binamu anaweza kulingana kikamilifu. Familia ya namna hiyo isiishie kupima watoto. Imwambie daktari ukoo ulivyo, na ipime kwa upana zaidi.

Tahadhari moja inapaswa kusemwa mapema. Kipimo cha HLA kinaonyesha nani ni mtoto wa nani. Uliza kabla ya kutoa sampuli majibu yatatolewa kwa nani na kwa namna gani. Hospitali makini humpa kila mtu jibu la kama anafaa au hafai, bila kuanika mengine mbele ya ukoo.

Waliolingana wakiwa wawili

Hapa ndipo sifa za mchangiaji zinapopangwa moja baada ya nyingine.

Umri ni wa kwanza. Utafiti wa Marekani kuhusu wachangiaji wasio ndugu, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba kumchagua mchangiaji aliye mdogo kwa miaka kumi huongeza asilimia 3 hivi ya wagonjwa wanaokuwa hai baada ya miaka miwili. Ndiyo sababu rejista kubwa za wachangiaji hutafuta vijana: Anthony Nolan ya Uingereza huandikisha watu wa miaka 16 hadi 30.

Uzito nao una hesabu yake. Mgonjwa huhitaji kiasi fulani cha seli kwa kila kilo ya mwili wake, na madaktari kwa kawaida hawachoti zaidi ya mililita 20 kwa kila kilo ya mchangiaji. Mchangiaji mdogo mwenye kilo 12 anaweza kutoa mililita 240 hivi, kiasi ambacho huenda kisimtoshe kaka wa kilo 45. Wakati mwingine jibu la busara ni kusubiri mwaka au miwili mchangiaji akue, huku mgonjwa akiendelea na dawa ya haidroksiyurea na kliniki.

Jinsia inahesabiwa kwa sababu ya mimba. Mwanamke aliyewahi kubeba mimba huwa na kinga iliyokwisha kukutana na alama ngeni za mtoto. Uloto wake ukipewa mwanamume, hatari ya shambulio sugu huongezeka. Dada ambaye hajawahi kubeba mimba, au kaka, hutangulizwa ikiwa mengine yote ni sawa.

Halafu kuna maambukizi. Kirusi cha CMV kimeenea sana katika nchi zetu na hakimsumbui mtu mwenye kinga nzima, lakini kinaweza kumdhuru aliyepandikizwa. Mgonjwa ambaye hajawahi kuambukizwa hutafutiwa mchangiaji ambaye naye hajaambukizwa. Homa ya ini na VVU hupimwa kwa kila mchangiaji bila ubaguzi.

Sifa ya mwisho ni utayari, nayo haipimwi maabara. Mtoto anayeambiwa kwamba kaka yake atakufa asipokubali hajapewa nafasi ya kukubali. Omba mchangiaji awe na daktari wake, tofauti na daktari wa mgonjwa, na azungumze naye faragha.

Chaguo la pili: mzazi au ndugu aliyelingana nusu

Zamani nusu haikutosha. Mambo yalibadilika baada ya madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, kuendeleza njia ya kumpa mgonjwa saiklofosfamidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa. Dawa hiyo huua seli za kinga zilizokwisha kuamka kuushambulia mwili, na huziacha seli shina zijenge damu mpya. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2025, watu wazima 42 wenye selimundu walipandikizwa kwa njia ya nusu. Baada ya miaka miwili asilimia 95 walikuwa hai, na asilimia 88 walikuwa hai bila pandikizi kushindwa wala kurudiwa.

Faida yake ni dhahiri: karibu kila mtoto ana mzazi, na hakuna kumtafuta mtu ng'ambo. Gharama yake imejificha mahali pengine. Matayarisho ni mazito zaidi, dawa za kuzuia virusi ni nyingi zaidi, na siku za wodini huongezeka. Ankara ikija, uliza njia inayotumika. Saiklofosfamidi ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Njia ya pili, ya kuchuja seli za kinga kwa mashine kabla ya kupandikiza, hutumia vifaa vya mara moja vya bei kubwa, na tofauti hiyo peke yake inaweza kueleza kwa nini hospitali mbili zinatofautiana sana kwa mgonjwa yuleyule.

Kati ya baba na mama, nani? Kabla ya jibu lolote, mgonjwa apimwe kingamwili dhidi ya alama za kila mmoja. Mtoto wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na kingamwili zitakazoua seli za mchangiaji fulani mara zinapoingia. Kipimo hiki kikirukwa, pandikizi linaweza kushindwa, na familia ikalipa mara mbili. Baada ya hapo linakuja swali la nyumbani. Mama akitolewa uloto asubuhi, nani atakaa na mtoto jioni? Baba akiwa ndiye mwenye kipato, wiki zake za kupumzika zinalipwa na nani?

Chaguo la tatu: mtu baki kutoka rejista

Duniani kuna wachangiaji zaidi ya milioni 40 walioandikishwa. Namba inapendeza, lakini haigawanyiki sawa. Utafiti wa rejista ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mgonjwa mwenye asili ya Ulaya ana nafasi ya asilimia 75 ya kupata mtu baki aliyelingana kikamilifu. Mwenye asili ya Afrika alikuwa na asilimia 18. Sababu ni mbili: Waafrika walioandikishwa ni wachache, na alama za HLA za Afrika ni za aina nyingi kuliko za mahali pengine popote, kwa hiyo hata rejista kubwa huhitaji watu wengi zaidi ili kupata pacha.

Jina likipatikana kwenye kompyuta, bado si mtu. Wengine wamehama, wengine wamepata ujauzito au ugonjwa, wengine wamebadili nia. Akipatikana na kukubali, mfuko wa seli unasafirishwa na mjumbe kwa ndege, na gharama za utafutaji, vipimo na usafirishaji zinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani kabla mgonjwa hajalazwa. Mchangiaji mwenyewe halipwi. Anarudishiwa tu gharama zake.

Na alama moja ikikosa kulingana, inauma. Uchambuzi wa mwaka 2007 wa wagonjwa wa Marekani ulionyesha asilimia 52 wakiwa hai baada ya mwaka mmoja pale alama zote nane za HLA zilipolingana, na asilimia 43 pale ilipokosekana moja. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani ya damu, na tiba imesonga mbele tangu hapo, lakini funzo la kulingana limebaki.

Ndugu zetu walioko Uingereza, Ujerumani na Marekani wanaweza kubadili hesabu hii. Kujiandikisha ni kusugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu na kujaza fomu, bure. Marekani, rejista ya NMDP hupokea watu wa miaka 18 hadi 40. London kuna ACLT, shirika lililoanzishwa mwaka 1996 na wazazi wa Daniel De-Gale, kijana mweusi aliyekuwa na saratani ya damu. Mchangiaji wake hakuwa Uingereza. Alipatikana Marekani, na Daniel akapandikizwa mwaka 1999.

Chaguo la nne: bila mchangiaji

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba kwa selimundu, Casgevy na Lyfgenia. Seli shina za mgonjwa mwenyewe huchukuliwa, hurekebishwa maabara, kisha hurudishwa. Hakuna kulingana wala shambulio la seli ngeni. Bei ya Casgevy ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2, na ya Lyfgenia milioni 3.1, kabla ya gharama za hospitali. Kwa familia inayolipa kutoka mfukoni, hili kwa sasa ni chaguo la kulijua tu.

Kutoka mfupani au kwenye mkono?

Mchangiaji anaweza kutoa seli kwa njia mbili. Ya kwanza ni nusukaputi: daktari huvuta uloto kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga kwa nyuma, kazi ya saa moja au mbili. Maumivu ya kiuno hudumu siku kadhaa hadi wiki mbili, na mwili hurudisha uloto uliotoka ndani ya wiki nne hadi sita. Ya pili ni sindano za filgrastimu kwa siku nne au tano, zinazosukuma seli shina ziingie kwenye damu, kisha kukaa kwenye mashine saa nne hadi sita. Mifupa huuma kama homa kali, lakini hakuna nusukaputi.

Kwa mchangiaji, njia ya mkono huonekana rahisi. Kwa mgonjwa hesabu ni nyingine. Utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha njia hizi kwa wagonjwa 551 wa saratani za damu haukuona tofauti ya maana katika kuishi, lakini shambulio sugu liliwapata asilimia 53 waliopewa seli za damu dhidi ya 41 waliopewa uloto. Uloto, kwa upande wake, ulishindwa kushika mara nyingi zaidi, asilimia 9 dhidi ya 3. Mgonjwa wa selimundu hana saratani ya kupigana nayo, kwa hiyo hana faida yoyote anayoipata kwenye shambulio hilo. Ndiyo maana madaktari wengi humchagulia uloto wa mfupani. Hospitali ikikupangia njia ya mkono, uliza sababu.

Ankara haitaji kila kitu

Bei zinazotangazwa na hospitali za India kwa wagonjwa wa nje huanzia takriban dola 20,000 hadi 30,000 kwa ndugu aliyelingana, na hupanda kuelekea 40,000 au zaidi kwa mchangiaji wa nusu. Marekani, jumla ya ankara za upandikizaji mmoja kutoka kwa mtu mwingine ilikadiriwa mwaka 2020 kuwa zaidi ya dola milioni moja. Bei hizo huhesabu mambo yakienda sawa. Nje yake kuna:

- nauli, viza na pasipoti za watu watatu: mgonjwa, mchangiaji na mlezi;
- pango karibu na hospitali kwa siku 100 hivi baada ya kupandikizwa;
- damu na chembe sahani zilizopigwa mionzi;
- dawa za kutuliza kinga kwa miezi sita au zaidi, pamoja na vipimo vya kiwango chake kwenye damu;
- kuhifadhi mbegu au mayai, kwa sababu dawa za matayarisho zinaweza kuua uzazi;
- chanjo zote za utotoni kuanza upya;
- kulazwa tena.

Kwa mtazamo mmoja

*Ndugu aliyelingana:* gharama ya chini kuliko zote, wiki chache za vipimo, hatari ndogo zaidi. Tatizo ni kumpata.

*Mzazi au ndugu wa nusu:* gharama ya kati hadi ya juu, yupo tayari, dawa nyingi zaidi. Hospitali iwe na uzoefu wa njia hiyo hasa.

*Mtu baki:* gharama ya juu, miezi ya kutafuta, nafasi ndogo kwa Mwafrika.

*Seli zako zilizorekebishwa:* hakuna utafutaji, bei ya mamilioni ya dola.

Uamuzi

Mtoto akiwa chini ya miaka 16, ana selimundu kali, na ana ndugu aliyelingana asiye mgonjwa, usiahirishe. Nenda kliniki ya selimundu, omba rufaa ya Dodoma au Muhimbili, uliza bima na ustawi wa jamii watabeba sehemu gani, kisha ndipo ulinganishe na nje.

Akiwa na mzazi wa nusu tu, usikatae wala usikimbilie. Uliza hospitali maswali manne: mmepandikiza wagonjwa wangapi wa selimundu kwa njia ya nusu, kwa wangapi pandikizi lilishindwa, bei inajumuisha kulazwa tena kwa siku ngapi, na pandikizi likishindwa, nani analipa la pili? Hospitali inayokwepa swali la mwisho imekwisha kujibu.

Asipopatikana mtu yeyote, haidroksiyurea kila siku, kliniki bila kukosa na kinga dhidi ya malaria si kukata tamaa. Ni matunzo ya bei nafuu yanayopunguza maumivu na kumfikisha mtoto akiwa na ini, figo na ubongo salama siku ambayo chaguo jingine litapatikana.

Kwa yote hayo, kazi ya wiki hii ni ileile: peleka watoto wote wakapimwe. Kipimo cha familia nzima ni sehemu ndogo sana ya fedha mnazotaka kuchangisha, na ndicho pekee kitakachowaambia mnachangisha kwa ajili ya nini.